Mtoto Wangu Hatembei, Ataona Nini Mbugani?

Leo namjibu mama mmoja wa Kakonko, mkoani Kigoma, na najua swali lake si lake peke yake. Ana watoto watatu. Wa katikati ana miaka minane na ana mtindio wa ubongo: hatembei, shingo haijakaza vizuri, na maneno yake machache huyaelewa watu wa nyumbani tu. Mavuno yamewaachia akiba kidogo, na yeye na mumewe wamekubaliana kwamba likizo ya mwezi wa sita waende mbuga ya wanyama. Ndugu wakashauri huyu wa katikati abaki kwa bibi. "Kwani ataona nini?" walimwambia. Ananiuliza kama akimchukua atakuwa anamtesa.

Mdogo wangu, mchukue. Nalisema hili kwanza kwa sababu ukianza kuhesabu vitu vya kufunga utachoka, na ukichoka utalirudia shauri la kumwacha.

Hilo swali la "ataona nini" lina jibu, na ningependa uwape ndugu zako jibu lenyewe badala ya kunyamaza. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo wana macho yanayochelewa kutulia juu ya kitu. Kitu kikipita haraka hawakidaki. Kikiwa kikubwa, kikakaa mahali pamoja au kikatembea polepole, macho yanakifikia, yanakishika, na uso mzima unabadilika. Sasa fikiria twiga anayekula majani ya mgunga umbali wa hatua chache kutoka dirishani. Ni mrefu, ana mabaka yanayoonekana vizuri, hana haraka. Au viboko wamejazana majini, wanakoroma na kuguna kwa sauti nzito inayotetemesha kifua cha msikilizaji. Mtoto anayeshinda barazani akitazama ukuta uleule mwaka mzima anaona na kusikia mambo hayo kuliko hata sisi tunaoyazoea upesi.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kuliko wote huu hapa: chagua safari kwa mwili wa mtoto, usichague kwa sifa ya mbuga. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Ukiwa mtu wa Kigoma, kichwa kinakimbilia Gombe. Ni fahari yetu, na dunia nzima inaijua tangu Jane Goodall alipofika pale Julai 1960 kuwachunguza sokwe. Lakini Gombe haina barabara. Unapanda boti Kigoma mjini, unapigwa na mawimbi ya Ziwa Tanganyika, na ukishuka unawatafuta sokwe kwa miguu kwenye vilima vyenye mteremko mkali na mizizi. Kuna umri wa chini unaoruhusiwa kuwaendea sokwe, na mwenye mafua haruhusiwi kabisa kwa kuwa magonjwa yetu yanawaua. Hifadhi ya Mahale nayo ni vilevile, tena mbali zaidi. Kwa mtoto anayebebwa, mwenye uzito wa miaka minane, hapo si mahali pa kuanzia. Kama mna ndugu Kigoma mjini na mnataka sana, mmoja wenu anaweza kukaa naye ufukweni Kasekela, kule Gombe, wengine wakipanda, lakini tuseme ukweli, hiyo itakuwa safari ya wale waliopanda.

Pori la Akiba la Moyowosi nalo liko mlangoni kwenu, ila ni pori la vinamasi lenye njia chache. Liacheni.

Mimi ningewapeleka Burigi-Chato. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, na ina kilomita za mraba 4,707. Kutoka Kakonko mnakwenda Nyakanazi, mnapita Lusahunga, mnafika Biharamulo. Mnalala Biharamulo, asubuhi mnaingia hifadhini mtoto akiwa ameamka vizuri. Mnatembea kwa gari, na humo kuna twiga, pundamilia, nyati, tembo, na viboko upande wa ziwa. Haina msururu wa magari ya watalii kama Serengeti. Gari lenu likisimama nusu saa mbele ya twiga, hakuna wa nyuma yenu atakayepiga honi.

Na hiyo nusu saa muiombe waziwazi. Madereva wengi wa mbugani wamezoea wageni wanaotaka simba, basi wanakimbia huku na huko wakiulizana nani kaona nini. Mwambie dereva kabla hamjawasha gari: "Sisi hatumtafuti simba. Tupeleke kwa mnyama mkubwa aliyetulia, uzime injini, utuache." Injini ikizimwa mtoto anasikia. Mpe muda. Usimshike kidevu kumgeuza, usimpigie makelele ya "ona, ona!" Mwelekeze mwili wote upande wa dirisha, kisha subiri. Ikipita dakika tano hajaonyesha chochote, bado subiri.

Kuna njia ya pili ambayo wazazi wengi wa ukanda wetu hawaifikirii. Wengi wenu mnawapeleka watoto Mwanza, Hospitali ya Bugando, kwa ajili ya kliniki. Nauli mmeshalipa, mtoto ameshasafiri. Ongezeni siku moja. Ndani ya jiji la Mwanza kuna Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, iliyopandishwa hadhi mwaka 2013, ambayo eneo lake lote, maji na nchi kavu, halifiki kilomita za mraba 3. Unapanda boti Capri Point na dakika chache baadaye umefika. Kisiwa ni cha mawe, kiti mwendo hakitapanda juu, lakini huhitaji kupanda. Mnakaa chini karibu na maji, kwenye kivuli, pimbi wanapita, mijusi wenye kichwa chekundu wanaota jua juu ya mawe, ndege wamejaa. Kwa mtoto ambaye Mwanza kwake maana yake ni sindano na foleni tu, siku hiyo moja ina uzito mkubwa. Na tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kile kivuko kilichokuwa kikiwaweka juani saa nzima na zaidi hakipo tena njiani. Mkijaliwa fedha siku moja, kutoka Mwanza mnaweza kusogea hadi lango la Ndabaka mkaingia Serengeti. Lakini kwa mara ya kwanza msijipe safari ndefu hivyo.

Sasa gari. Hapa ndipo fedha nyingi itakapokwenda, na ndipo watu wanapokosea kuchagua. Watakusifia gari lenye paa la kufunguka, kwa kuwa abiria husimama na kutazama nje. Mtoto wako hasimami. Kwake paa hilo halina faida yoyote. Unachokitafuta ni dirisha pana lililo chini, usawa wa macho yake akiwa amekaa. Kabla hujalipa, nenda na mtoto kwa mwenye gari, mkalishe kwenye kiti, utazame anachokiona. Akiona mlango mtupu, muinue kwa godoro dogo lililokunjwa, au tafuta gari jingine. Hakikisha mkanda wa kiti unafanya kazi. Barabara za vumbi zina matuta madogo yanayotikisa gari mfululizo, na shingo isiyokaza inachoka vibaya: kunja kitenge kiwe kama nyoka, kizungushe shingoni kwa nyuma, na kingine kiweke kila upande wa kiuno. Mwambie dereva apunguze mwendo kwenye matuta hayo hata kama wengine wanawapita. Kama mtoto wako aliwekewa mpira kichwani kwa ajili ya kichwa kikubwa, akianza kutapika au kusinzia isivyo kawaida, usiseme ni uchovu wa safari. Rudini mkatafute hospitali.

Gharama zikiwaelemea, changeni na familia nyingine. Ulizeni kwenye kitengo cha elimu maalumu cha shule iliyo karibu nanyi, hapo utawakuta wazazi wenye hali kama yako, na familia mbili ndani ya gari moja zinapunguziana zaidi ya fedha. Kiingilio chenyewe kwa Mtanzania si cha kutisha: watoto wa chini ya miaka 5 huingia bure, wa miaka 5 hadi 15 wana kiwango chao cha chini. Malipo hayapokelewi taslimu langoni, unapewa namba ya malipo, kwa hiyo salio liwe kwenye simu kabla hamjaingia maeneo ambayo mtandao unapotea.

Mbung'o. Mdogo wangu, hili nalikazia kwa sababu vitabu vya watalii hulitaja kwa mstari mmoja. Misitu ya miombo ya Biharamulo ina mbung'o, na mbung'o hufuata gari linalotembea. Wewe akitua juu yako unampiga. Mtoto ambaye mikono haimtii hawezi, na kama hasemi hatakwambia pia. Anaweza kuumwa mgongoni huku wewe unatazama nyati. Kwa hiyo rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi ziacheni nyumbani, zinawavuta. Vaeni khaki, kijani cha majani makavu, udongo. Mikono mirefu, soksi, na kitambaa kizito kidogo kwa sababu mbung'o hupenya kitambaa chepesi. Gari likitembea, madirisha yafungwe. Likisimama mahali pa wazi mbele ya mnyama, fungueni. Mtu mmoja apewe kazi hiyo tu, kumkagua mtoto mwili mzima kila mara. Ndugu yake mkubwa anaiweza na ataipenda.

Choo nacho. Ndani ya hifadhi hushuki garini popote upendapo, unashuka sehemu zilizoruhusiwa tu, na zinaweza kuwa mbali. Mtoto anayetumia pampasi au nepi atabadilishwa ndani ya gari. Mtoto wa miaka minane ana aibu zake, hata kama hawezi kuzitamka. Chukua kanga mbili na pini, uzining'inize madirishani, wengine wageuze nyuso, mbadilishe kwa utaratibu uleule wa nyumbani. Uchafu uwekwe kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, mrudi nao. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo fungeni vitu kwenye vikapu na mifuko ya kitambaa. Gesti ya Biharamulo pigieni simu kabla, na msiulize "mnapokea walemavu?" maana watajibu ndiyo kwa heshima. Ulizeni: chumba kiko chini au juu? Mlangoni kuna ngazi ngapi? Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Kikiwa cha kuchuchumaa, beba kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati, fundi yeyote wa mtaani atakukatia.

Chakula sitakaa nacho sana, wewe unajua anachokimeza. Ila usimlishe gari likitembea, na usimlishe akiwa amelala. Simamisheni, mkalishe wima, mpe uji mzito au ndizi iliyopondwa taratibu. Chipsi na mandazi makavu ya njiani waachie wenye meno na koo zisizo na shida. Maji ampe mtu yuleyule kila saa, kwa sababu kiu yake haiwezi kuita.

Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye begi lililofungwa juu ya gari. Kama ana kifafa, safari si sababu ya kuchelewesha dozi hata moja. Wekeni saa ya simu iite. Joto, njaa na kukosa usingizi vinaweza kuamsha degedege, kwa hiyo acheni mbuga saa za jua kali, pumzikeni, mrudi jioni. Mwezi wa sita asubuhi za kwetu zina baridi, na baridi hukaza misuli ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Mvalishe joto kabla hajatoka kitandani, mkandekande miguu kidogo, ndipo umkalishe kwenye gari. Chandarua chenu kibebeni hata kama gesti imeahidi.

Wenye watoto wa hali nyingine, sikuwasahau. Mtoto mwenye usonji anaumizwa zaidi na jambo asilolitarajia kuliko na mnyama mkubwa. Siku kadhaa kabla, mwonyeshe picha za gari, lango, twiga, kitanda, kwa mpangilio utakaofuatwa, na siku yenyewe ufuate. Akipiga kelele mbugani, fungeni madirisha, msogee taratibu. Mwongozaji aliyeambiwa mapema hatashtuka. Asiyeona mweke karibu na maji ambako kuna sauti, na mpe kinyesi kikavu cha tembo akishike pale mnaporuhusiwa kushuka. Ni mimea iliyosagwa tu, ataelewa ukubwa wa tembo kuliko kwa maelezo yako yote. Asiyesikia akae kiti cha mbele, na alama za wanyama mfundishane nyumbani ili dirishani msipoteze muda. Mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu, apakwe mafuta ya kukinga jua na yarudiwe, hata ndani ya gari, kwa sababu dirisha lililofunguliwa linaingiza jua lote.

Nikimtaja mtoto mwenye ualbino nakumbuka Kabanga pale Kasulu, ambako watoto wengi wenye hali hiyo walihifadhiwa nyuma ya uzio wa shule wakati watu waovu walipokuwa wakiwawinda. Uzio ule uliokoa roho. Lakini sisi wa mkoa huu tulijifunza kupita kiasi kwamba mtoto mwenye ulemavu mahali pake ni ndani. Wengine hatuna adui yeyote mlangoni, na bado tunafungia. Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Ibara ya 30 ya mkataba huo inataja mapumziko na utalii kabisa. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa hiyo ukifika langoni na kiti mwendo usiingie kwa kuomba radhi. Watu watatazama. Wasalimie, mtambulishe mtoto kwa jina lake, endelea na shughuli zako. Mtu mwenye mtindio wa ubongo kutoka Afrika Kusini, Bernard Goosen, alifika kilele cha Kilimanjaro kwa kiti mwendo mwaka 2003. Wewe unaomba dirisha tu.

Sasa niseme na baba. Kaka yangu, mkeo humbeba mtoto huyu mwaka mzima. Safari hii ikiwa ni yeye yuleyule anayembeba, anayemlisha, anayembadilisha, ila chini ya mti mwingine, hajapumzika. Mgawane saa. Asubuhi uwe wewe, jioni yeye. Na bibi ambaye mtoto angeachwa kwake, mpeni nafasi kwenye gari. Huenda kwa miaka yake yote hajaona tembo, na mikono yake mtaihitaji.

Wale watoto wengine wawili pia wana haki yao. Wamezoea kusubiri. Pangeni saa moja ambayo mzazi mmoja anakwenda nao peke yao, watembee pale panaporuhusiwa, wapige picha, wachague wao cha kutazama. Usiku wasimulieni habari ya Faben na Figan, sokwe wawili ndugu wa Gombe. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwapiga sokwe wale, na Faben akapoteza nguvu za mkono mmoja. Akaendelea kuishi na kundi kwa mkono uliobaki, na miaka michache baadaye akasimama upande wa mdogo wake Figan mpaka Figan akawa kiongozi. Msiisimulie kwa kumlinganisha mtoto wenu na mnyama, hilo akilisikia litamuumiza. Isimulieni kama habari ya ndugu wawili.

Pigia ofisi ya hifadhi wiki mbili kabla. Waambie mtoto anabebwa, hawezi kusimama, anaweza kupiga kelele, mtahitaji kivuli cha kupumzika saa sita mchana. Uliza barabara zipi zinapitika msimu huo na choo cha karibu kiko wapi. Andika jina la uliyezungumza naye, na ukifika langoni mtaje.

Mkirudi Kakonko msimpeleke popote kesho yake. Mwacheni siku mbili alale, mnyoosheni viungo kwa maji ya uvuguvugu. Kisha mtazameni kwa wiki mbili hadi tatu zinazofuata. Mtoto asiyesema hatakwambia kichwa kinauma. Atakataa uji, atalia usiku, au atakaza mwili kuliko kawaida. Joto likipanda, nendeni zahanati siku hiyohiyo akapimwe malaria, na mwambieni mganga bila kuulizwa kwamba mlikuwa kwenye pori lenye mbung'o, ili aangalie na malale. Ukiona donda au uvimbe mwekundu mahali alipoumwa, mwonyeshe hapohapo.